Roald Dahl: Rubani aliyegeuza ufundi wa ndege za kuchezea kuwa tiba

WATU wazima waliolelewa Endarasha na vijiji jirani vya Kieni, Kaunti ya Nyeri, wangali wanavikumbuka vitu vya kuchezea ambavyo havikununuliwa dukani. Magari yaliundwa kwa waya, na magurudumu yakakatwa katika kandambili kuukuu au yakawa vifuniko vya chupa za soda. Ndege ziliundwa kwa mabua ya mahindi, na pangaboi ya karatasi ikazungushwa na upepo unaoteremka kutoka milima ya Aberdare. Mtoto asiyejua kukunja waya alilazimika kubembeleza wenzake wampe zamu ya kuendesha.

Hata hivyo, kwa wazee wa eneo hilo ndege haikuanza kuwa mchezo. Mwaka 1953, baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, ndege aina ya Harvard za jeshi la anga la Uingereza zilipelekwa katika uwanja wa Mweiga, kilomita chache tu kutoka Endarasha. Kutoka hapo ziliruka na kudondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Mtoto wa wakati huo aliyeinua macho kutazama chuma kikipaa hakuona kitu cha kuigiza kwa bua la mahindi. Aliona balaa.

Mchezo na silaha, basi, ni nyuso mbili za kitu kimoja. Upo uso wa tatu ambao ni wachache wanaoufahamu, nao ni tiba. Nyuso hizo zote tatu zinaonekana katika maisha ya Roald Dahl, mwandishi wa Uingereza ambaye vitabu vyake vya watoto vimesomwa kote duniani, lakini ambaye safari yake ya utu uzima ilianzia Dar es Salaam na ambaye urubani wake aliujifunzia Nairobi.

Mtoto wa vipande vya chuma

Dahl alizaliwa Septemba 13, 1916, Llandaff, karibu na mji wa Cardiff, katika nchi ya Wales. Wazazi wake, Harald na Sofie Magdalene, walikuwa wahamiaji kutoka Norway, na jina la Roald walimpa kwa heshima ya Roald Amundsen, mvumbuzi wa Norway aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia. Msiba uliingia nyumbani mapema. Mwaka 1920 dada yake Astri alifariki akiwa na umri wa miaka saba, na majuma machache baadaye baba yao pia akaaga dunia. Mama akabaki peke yake na kundi la watoto katika nchi ya ugenini.

Miongoni mwa zawadi alizopewa mvulana huyo akiwa mdogo ilikuwa seti ya Meccano. Huu ni mchezo ulioanzishwa na Frank Hornby wa Liverpool mwanzoni mwa karne ya 20, wenye vipande vya chuma vilivyotobolewa matundu, pamoja na skrubu, nati na magurudumu madogo, ambavyo mtoto huviunganisha apendavyo akapata winchi, daraja au gari. Watoto wengine walifuata michoro iliyokuja na boksi. Dahl, kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe, alitega waya kutoka juu ya nyumba yao ukapita juu ya njia ya umma, akaunda kigari cha kuteleza juu ya waya huo, akakining'inizia mikebe ya maji. Kigari kilipofika juu ya vichwa vya wapita njia, alivuta kamba na maji yakawamwagikia.

Wanawake waliolowa walifika nyumbani kulalamika, na mama akamnyang'anya seti hiyo hadi likizo ikaisha. Kisa hicho huchekesha kikisimuliwa leo. Lakini msomaji makini ataona ndani yake mambo mawili yatakayomfuata Dahl maisha yake yote: mkono uliopenda kuunda mitambo midogo inayofanya kazi, na furaha ya kudondosha kitu kutoka juu.

Karani wa mafuta Dar es Salaam

Baada ya kumaliza masomo katika shule ya Repton, ambako viboko vya walimu na vya wanafunzi wakubwa vilimwachia uchungu alioandika juu yake hadi uzeeni, Dahl hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell kwa sababu alitaka kupelekwa nchi za mbali. Alipata alichokitaka mwaka 1938, alipopanda meli hadi Mombasa na kuendelea Dar es Salaam, makao makuu ya Tanganyika iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza.

Aliishi katika nyumba ya kampuni pamoja na Waingereza wengine wawili, wakihudumiwa na wapishi na watumishi kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni. Kazi yake ilimtembeza bara akitembelea wateja wa mafuta na vilainishi katika mashamba ya mkonge na migodi. Alijifunza Kiswahili. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1986, mtu anayeelezwa kwa mapenzi kuliko wengine ni mtumishi wake Mdisho, ambaye anasema alimfundisha kusoma na kuandika. Humo pia mna masimulizi ya nyoka wenye sumu kali, na ya simba aliyembeba mke wa mpishi kinywani kisha akamwachilia bila jeraha. Dahl anaeleza kwamba taarifa yake juu ya mkasa huo ilichapishwa katika gazeti la East African Standard la Nairobi, akalipwa pauni tano. Ikiwa ndivyo, basi maandishi yake ya kwanza kulipiwa yalichapishwa na gazeti la Kenya.

Si siri kwamba alikuwa kijana wa zama zake. Aliyaona mandhari, wanyama na ukarimu wa wenyeji, lakini hakuuliza sana kuhusu haki ya utawala uliomwezesha kuishi kama bwana akiwa na umri wa miaka 22.

Urubani Nairobi

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka Septemba 1939, Dahl alikabidhiwa askari Waafrika wa King's African Rifles ili awakamate Wajerumani waliokuwa wakiondoka Dar es Salaam kwa barabara. Miezi miwili baadaye aliacha kazi ya mafuta, akaendesha gari lake hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza.

Ndege ya mafunzo ilikuwa Tiger Moth, yenye mabawa mawili yaliyopangana juu na chini, na isiyo na paa. Dahl alikuwa na kimo cha takriban sentimita 198. Alipoketi, kichwa chake kilijitokeza juu ya kioo cha kukinga upepo, hata akashindwa kuvuta pumzi. Alitatua shida hiyo kwa kujifunga kitambaa chepesi cha pamba puani na mdomoni. Baada ya mafunzo ya saa saba na dakika 40 hivi, aliruhusiwa kuruka peke yake. Kutoka angani alitazama twiga, nyati na tembo katika nyika za Kenya, na kurasa alizoandika kuhusu majuma hayo ni miongoni mwa zenye furaha kubwa katika maisha yake.

Furaha hiyo haikudumu. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, kati ya vijana 16 waliojifunza pamoja naye Nairobi, 13 waliuawa angani katika muda wa miaka miwili iliyofuata. Yeye mwenyewe alinusurika chupuchupu. Mnamo Septemba 19, 1940, akipeleka ndege ya Gladiator kwa kikosi chake katika jangwa la Misri, alielekezwa mahali pasipokuwa na uwanja, mafuta yakakaribia kwisha, giza likaingia, akaanguka. Fuvu lake lilipasuka, pua ikavunjika, na kwa majuma kadhaa akawa kipofu katika hospitali ya Alexandria. Aprili 1941 alikuwa tena hewani, mara hii akirusha ndege ya Hurricane nchini Ugiriki, ambako marubani wachache wa Uingereza walikabili makundi makubwa ya ndege za Wajerumani. Maumivu ya kichwa na kuzirai vilimtoa vitani mwaka huo.

Mazimwi ya mitambo

Mwaka 1942 Dahl alitumwa Washington kama afisa wa ubalozi wa Uingereza. Huko ndiko alikogeuka kuwa mwandishi, na kitabu chake cha kwanza kilihusu jambo ambalo kila rubani alilijua. Marubani wa Uingereza walikuwa na mzaha kwamba injini inapozimika bila sababu, kosa ni la vizimwi vidogo viitwavyo gremlin, ambavyo hutoboa mabawa na kukata nyaya. Dahl aliutungia mzaha huo hadithi, Walt Disney akaipenda akitaka kuifanya filamu, na kitabu kikachapishwa mwaka 1943. Mapato ya mwandishi yalikwenda kwa mfuko wa kusaidia wanajeshi wa anga na familia zao.

Filamu hiyo haikutengenezwa kamwe. Lakini vizimwi vyenyewe havikufa. Nakala za toleo la 1943 zikawa bidhaa adimu inayosakwa na wakusanyaji, kitabu kikachapishwa upya mwaka 2006, na mwaka 2010 viumbe hao wakarejea katika mchezo wa video wa Disney. Mzaha wa vijana waliokuwa wakifa angani uligeuka kuwa pambo la rafu.

Baada ya mabomu ya atomiki kuangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, Dahl hakuendelea kucheka. Riwaya yake ya mwaka 1948, inayohusu vizimwi hao hao wakisubiri binadamu wajiangamize kwa vita vya nyuklia, ni miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa za Kiingereza kuandikwa juu ya maangamizi hayo baada ya Hiroshima. Haikufanikiwa sokoni. Hata hivyo, aliendelea kuandika bunilizi za kisayansi kwa watu wazima: mtambo unaosikia vilio vya mimea, ubongo wa marehemu unaotunzwa hai ndani ya beseni, na mashine inayotunga hadithi yenyewe na kuwapokonya waandishi kazi. Hadithi hiyo ya mwisho ilichapishwa mwaka 1953. Msomaji wa leo, katika enzi ya kompyuta zinazoandika, hataiona kuwa ndoto tu.

Mwaka huo huo alimwoa mwigizaji Mmarekani Patricia Neal. Miaka miwili kabla, Neal alikuwa ameigiza katika filamu kuhusu mgeni kutoka sayari nyingine anayetua Washington akifuatana na roboti mkubwa aitwaye Gort. Filamu hiyo ya mwaka 1951 ni mojawapo ya nguzo za sinema za kisayansi, na sanamu za Gort za plastiki na za bati zimekuwa zikikusanywa na mashabiki vizazi na vizazi.

Ajali ya New York

Katika miaka ya 1950, vijana wa Uingereza walikuwa wakinunua ndege za plastiki za kampuni ya Airfix. Sehemu zake zilikuja zimeshikana katika fremu, na mnunuzi alizikata, akazigandisha kwa gundi na kuzipaka rangi. Gladiator, Hurricane na Tiger Moth, ndege tatu zilizoyatawala maisha ya Dahl, zote ziliuzwa hivyo kwa bei ya chini. Vita vilikuwa vimekuwa mchezo wa mezani.

Wapo waliotaka zaidi ya plastiki. Hao waliunda ndege ndogo za mfano zenye injini halisi, zinazonguruma na kuruka uwanjani. Injini hizo ndogo zilihitaji mafuta yaletwe kwa kipimo sahihi kupitia mirija myembamba sana, na mhandisi mmoja wa High Wycombe, Stanley Wade, alibobea katika kutengeneza pampu zake. Dahl, aliyekuwa akiishi karibu na hapo katika kijiji cha Great Missenden, alifahamiana naye kupitia burudani hiyo. Hakuna aliyedhani kwamba urafiki huo ungekuwa na uzito wowote.

Desemba 5, 1960, jijini New York, yaya alikuwa akivuka barabara na kigari cha mtoto. Teksi ilikigonga. Ndani alikuwemo Theo, mwana wa Dahl na Neal, mwenye umri wa miezi minne. Fuvu lake lilivunjika, na baadaye maji yakaanza kujaa kichwani, ugonjwa ambao hapa kwetu huitwa kichwa maji. Maji hayo, ambayo kila binadamu anayo kuuzunguka ubongo, yanapokosa njia ya kutoka huukandamiza ubongo huo. Mtoto asipotibiwa huweza kupofuka, kudumaa akili au kufa.

Tiba ilikuwepo. Katikati ya miaka ya 1950 fundi Mmarekani John Holter, ambaye mwanawe mwenyewe aliugua maradhi hayo, alikuwa amebuni vali ya kupitisha maji kutoka kichwani kupitia mrija hadi kwenye damu. Theo aliwekewa mrija wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba ulikuwa ukiziba. Kila ulipoziba mtoto alipata homa, macho yakapoteza nuru, na madaktari wakalazimika kumpasua upya. Wazazi waliishi wakimchungulia mtoto wao usiku na mchana.

Dahl hakuwa daktari wala mhandisi. Lakini alijua tatizo lile lilikuwa la aina gani: kioevu kipite katika mrija mwembamba kwa shinikizo dogo, kielekee upande mmoja tu, na kisizibe. Hilo ndilo tatizo la injini ya ndege ndogo ya mfano, naye alimjua mtu aliyekwisha kulitatua. Alimwendea Wade. Kisha akamkutanisha na Kenneth Till, daktari wa upasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, aliyeeleza ni nini hasa huziba na kwa nini.

Vali waliyoibuni ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu. Ilikuwa na vijisahani viwili vya chuma, kila kimoja ndani ya kijumba chake kwenye ncha ya kipande kifupi cha mrija wa silikoni. Shinikizo la maji kutoka juu lilivisogeza vijisahani hivyo, maji yakapita. Yalipotaka kurudi, vijisahani vilijibana na kuufunga mlango. Kwa kuwa hapakuwa na mpasuko mwembamba wa mpira kama katika vali za awali, uchafu wa ndani ya ubongo haukupata mahali rahisi pa kunasa. Aidha, vali hiyo iliweza kuchemshwa na kusafishwa bila kuharibika.

Kifaa hicho, kilichopewa majina ya wote watatu, kilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962, na Till akakieleza katika jarida la tiba la Lancet mwaka 1964. Wabunifu walikubaliana wasijipatie faida yoyote. Kabla ya kupitwa na vifaa vipya, vali hiyo ilikuwa imetumika kwa watoto wanaokaribia 3,000 katika nchi mbalimbali. Theo hakuihitaji. Ilipokuwa tayari, hali yake ilikuwa imeimarika kiasi cha kutotegemea mrija tena. Baba aliyeanza kwa kumtafutia mwanawe dawa alimaliza kwa kuwapa watoto wa watu wengine.

Kile ambacho hakikuweza kuundwa

Mwaka ule ule wa 1962, msiba wa zamani ulijirudia. Binti mkubwa wa Dahl, Olivia, alipata surua, ama ukambi, shuleni. Ugonjwa ulionekana kupungua, kisha ghafla ukaingia katika ubongo, na mnamo Novemba 17 akafariki. Alikuwa na miaka saba, umri ule ule wa shangazi yake Astri. Chanjo ya surua ilipata idhini nchini Marekani mwaka uliofuata.

Hapo mkono wa fundi haukuwa na la kufanya. Waliomjua walisema alinyamaza, hakuweza kulitamka jina la binti huyo kwa muda mrefu. Ilimchukua zaidi ya miaka 20 kuandika waziwazi juu ya kifo hicho, na alipoandika, mwaka 1986, ilikuwa ni kuwasihi wazazi wa Uingereza wawachanje watoto wao. Barua hiyo ingali ikichapishwa kila surua inapozuka upya.

Februari 1965 Patricia Neal, akiwa mjamzito, alipata kiharusi kilichomwacha bila uwezo wa kusema wala kutembea. Dahl alimpangia mafunzo ya saa nyingi kila siku, akiwashirikisha majirani. Wapo waliomwona mkatili kwa ukali wa ratiba hiyo. Neal alijifungua salama, akajifunza kusema tena, na akarudi kwenye filamu.

Ni katika kipindi hicho, akihitaji fedha, ndipo Dahl alipokubali kuandika filamu mbili zilizojaza rafu za maduka ya watoto. Ya kwanza, ya mwaka 1967, ilikuwa ya jasusi James Bond huko Japani, yenye roketi inayomeza vyombo vingine angani na kijihelikopta cha kukusanyika kutoka masandukuni. Airfix waliuza kijihelikopta hicho kikiwa vipande vya kuunganisha, na Corgi wakatoa gari la Toyota la filamu hiyo lenye roketi nyuma. Ya pili, ya mwaka 1968, aliyoiandika pamoja na mwelekezi Ken Hughes, ilihusu gari linaloruka. Corgi, waliokuwa na kiwanda Swansea katika Wales alikozaliwa Dahl, walitengeneza gari hilo kwa chuma. Ukivuta kijiti cha breki, mabawa yanachomoza ubavuni.

Kampuni iliyomiliki Corgi ilifilisika mwaka 1983, na jina hilo likapita mikononi mwa wengine. Magari yale ya awali sasa hutafutwa na watu wenye mvi ambao waliyachezea wakiwa wadogo. La kustaajabisha ni kwamba linalopata bei ya juu zaidi ni lile ambalo boksi lake halijachakaa na mabawa yake hayajachomozwa na mtoto yeyote.

Urithi wenye doa

Umaarufu mkubwa wa Dahl ulitokana na vitabu vya watoto, hasa vile vya pichi kubwa (1961) na kiwanda cha chokoleti (1964), kile cha pili akimtunukia Theo. Mwendelezo wa kiwanda hicho, wa mwaka 1972, uliwarusha wahusika hadi kwenye hoteli ya angani. Mwaka 1982 kitabu chake cha jitu jema alikitunuku kwa Olivia.

Lakini maisha hayasimuliwi kwa kuficha upande mmoja. Katika toleo la kwanza la hadithi ya kiwanda, vibarua walikuwa mbilikimo weusi waliotolewa katika misitu ya Afrika na kusafirishwa ndani ya makasha, wakilipwa kwa kakao. Mtu aliyehudumiwa na Mdisho hakuona tatizo katika picha hiyo hadi alipokosolewa Marekani, na toleo la mwaka 1973 likawabadilisha viumbe hao kabisa. Mwaka 1983 alitoa matamshi ya chuki dhidi ya Wayahudi, akayarudia kabla ya kifo chake. Familia yake iliomba radhi hadharani mwaka 2020. Aliyeweza kuwahurumia watoto asiowajua hakuweza kuwahurumia watu wote.

Dahl alifariki jijini Oxford mnamo Novemba 23, 1990, akiwa na umri wa miaka 74, na kuzikwa Great Missenden. Katika kibanda chake cha kuandikia bustanini, juu ya meza iliyojaa vikorokoro, kulikuwa na mfano mdogo wa ndege ya Hurricane. Vitu vya kibanda hicho vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la kijiji, ambako watoto huenda kuvitazama.

Maradhi ya kichwa maji hayakwisha. Afrika Mashariki ina watoto wengi wanaoyapata, aghalabu baada ya maambukizi wakiwa wachanga, na kwa familia ya kijijini iliyo mbali na hospitali kubwa mrija unaoziba ni hukumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Mmarekani Benjamin Warf, akifanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, alikabili swali lile lile la Dahl na marafiki zake. Jibu lake lilikuwa tofauti: kwa kutumia kamera nyembamba, alifungua njia ya maji ndani ya ubongo wenyewe na kuchoma tishu inayoyazalisha, ili watoto wengi waishi bila mrija wowote. Mbinu hiyo imefundishwa kwa madaktari wa nchi nyingi.

Vali ya Wade, Dahl na Till haitumiki tena. Kwa wale walioihitaji katika miaka ya 1960, hata hivyo, ilikuwa kitu kidogo cha chuma kilichofanya kazi kila siku bila kuonekana. Asili yake ilikuwa pampu ya kupeleka mafuta katika injini ya ndege ambayo haikukusudiwa kumbeba mtu yeyote.